Maji na mwamba wenye nyufa: tusikokotoe kimoja huku tumekifumba kingine (uzi mrefu)

#1 NyufaNdogo

Wakuu salaam.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaoanza kuiga kwa kompyuta mtiririko wa maji kwenye mwamba wenye nyufa. Ushauri wanaopewa karibu wote ni ule ule: chukua programu ya maji ya ardhini, chora nyufa, kila ufa upe uwazi wake, endesha, picha itoke. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na nimekosea humo humo, kwa hiyo leo naomba niseme kwa kirefu kwa nini njia hiyo inapotosha. Uwazi wa ufa hautakiwi kuwa namba unayoiandika mwanzoni na kuiacha hapo hadi mwisho. Unatakiwa utoke kwenye hesabu yenyewe, kila hatua, pamoja na presha ya maji.

Nianze na hesabu ndogo ya karatasi. Chukua nyuso mbili za mwamba zilizolala sambamba, katikati yake pana uwazi wa mm 0.1, yaani unene wa unywele tu. Upana wa ufa ni mita 1. Maji yakisafiri mita 10, kimo chake kinashuka mita 1. Kanuni inasema: uwazi uinue kwa kipeo cha tatu, ugawe kwa mara 12 ya mnato (jinsi maji yanavyopinga kutiririka), kisha zidisha kwa mteremko wa presha. Mnato wa maji ya nyuzi 20 ni pascal-sekunde 0.001. Ukimaliza unapata kama lita 7 kwa siku. Sasa ufa ufunguke hadi mm 0.2: lita 56. Ufunguke hadi mm 1: zaidi ya lita 7,000. Mteremko haujabadilika hata kidogo.

Linganisha na graniti nzima isiyo na ufa, yenye upenyezaji (urahisi wa jiwe kupitisha maji) wa mita za mraba 10 kwa kipeo cha −18. Uso wa mita moja ya mraba, mteremko ule ule, unapitisha mililita 31 hivi kwa MWAKA. Vijiko viwili vya chakula. Kwa maneno mengine, unywele mmoja wa nafasi unaishinda mita nzima ya mraba ya jiwe zaidi ya mara elfu themanini. Ndiyo maana kwenye miamba ya aina hii mazungumzo yote yanaishia kwenye nyufa.

Sasa tuje kwenye kiini. Ufa ule wa mm 0.1 haukai kimya. Unabanwa na uzito wa mwamba, unasukumwa na maji yaliyo ndani yake. Terzaghi, mwanzilishi wa mekanika ya udongo, alituonyesha miaka ya 1920 kwamba kinachobana kweli ni mkazo wa jumla (nguvu kwa kila eneo) ukitoa presha ya maji. Tuseme ugumu wa ufa, yaani mkazo unaohitajika kuufunga kwa kila kipimo cha uwazi, ni GPa 100 kwa mita (GPa 1 ni pascal bilioni moja, MPa 1 ni pascal milioni moja). Ukipandisha presha ya maji kwa MPa 5, ufa unafunguka mm 0.05 zaidi. Uwazi umetoka 0.1 hadi 0.15, na mtiririko umepanda mara 3.4. Ukivuta maji badala ya kuyasukuma, mambo yanageuka: presha inashuka, ufa unajibana, na kisima kinatoa pungufu ya ulichokadiria. Tena hapo nimerahisisha, maana ugumu wenyewe haukai namba moja. Vipimo vya maabara vya Bandis na wenzake, 1983, vinaonyesha kwamba kadiri ufa unavyofungika ndivyo unavyokuwa mgumu zaidi kufungika, kwa mchirizo wa haiperbola.

Anayeona haya ni mambo ya maabara tu, akumbuke Malpasset, kusini mwa Ufaransa. Ukuta wa bwawa wa tao, mwembamba na uliosanifiwa vizuri, ulivunjika usiku wa 2 Desemba 1959, ziwa likijaa hadi juu kwa mara ya kwanza. Walikufa watu zaidi ya 400. Zege halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye mwamba wa naisi (jiwe gumu lenye mistari ya tabaka) chini ya ubavu wa kushoto. Tao lilipokuwa likisukuma ubavuni, lilizibana nyufa zilizo kwenye njia ya msukumo ule. Sampuli za mwamba wa pale zilipokuja kupimwa, ilionekana upenyezaji wake unaporomoka vibaya ukibanwa. Kwa hiyo msukumo wa ukuta ulijijengea kizuizi cha maji ndani ya mwamba, presha ikarundikana nyuma ya kizuizi hicho, na kabari kubwa ya mwamba iliyokatwa na mpasuko upande wa chini ikanyanyuliwa na kung'oka. Kokotoa maji peke yake huku nyufa zimefumbwa, hutaiona presha ile. Kokotoa mwamba peke yake bila maji, hutaiona pia. Inaonekana pale tu unapoviachia viwili hivi viambizane.

Maswali, ubishi, masahihisho, karibuni.

#2 Mwanagenzi_wa_Miamba

Mkuu shukrani, nimeuweka uzi huu alama. Mimi bado ni mwanafunzi, na swali langu huenda likawa la kitoto. Kwa nini tusichukue wastani tu? Mwamba wenye nyufa elfu moja uufanye kuwa mwamba mmoja usio na nyufa lakini wenye upenyezaji mkubwa zaidi, halafu tumia milinganyo ya kawaida?

#3 NyufaNdogo

Mdogo wangu, si swali la kitoto. Ndilo swali ambalo fani nzima imelijibu kwa njia tofauti tofauti.

Wastani unafaa nyufa zikiwa nyingi, zimekaribiana na zimeungana, na eneo unaloliangalia ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi kati ya ufa na ufa. Mfano: nyufa za mm 0.1 zilizopangana kila mita 1 zinaupa mwamba upenyezaji wa wastani wa mita za mraba 8.3 × 10 kwa kipeo cha −14, lakini kwa uelekeo wa nyufa tu. Kwa uelekeo unaozikata nyufa, mwamba unabaki na upenyezaji wake wa zamani. Kwa hiyo hata wastani wenyewe si namba moja, ni jedwali lenye uelekeo. Ukishakuwa nalo unatumia milinganyo ya Biot, 1941, inayounganisha presha na mnyumbuko wa mwamba, na elementi za kawaida (vipande vidogo ambavyo kompyuta inaugawa mwamba) zinatosha.

Wastani unakushinda pale mwamba unapokuwa na mwendo wa aina mbili. Nyufa zinapitisha upesi, jiwe lenyewe linahifadhi na kuachia polepole. Barenblatt, Zheltov na Kochina waliandika mwaka 1960 namna ya kuweka presha mbili mahali pamoja, moja ya nyufa na moja ya jiwe, zikipeana maji taratibu. Warren na Root wakaiweka mwaka 1963 kwa namna ambayo watu wa mafuta waliipokea mara moja, wanaitumia hadi leo.

Halafu kuna hali ambayo nyufa tatu au nne tu ndizo zinazoamua kila kitu. Hapo hakuna wastani wa kuokoa. Inabidi uzichore moja moja, kila moja na elementi zake, na mwamba wa pande mbili uweze kuachana na kuteleza. Goodman na wenzake walitengeneza elementi ya ufa ya namna hiyo mwaka 1968, na Cundall mwaka 1971 akaenda mbali zaidi, akauchukulia mwamba kama matofali yanayogusana na kusukumana. Mimi kazi zangu nyingi ziko hapa, ndiyo maana naongea kwa uchungu.

#4 MtuWaVisima

Nimesoma kwa makini. Nimekaa kwenye visima kuliko kwenye kompyuta, kwa hiyo nitasema kutoka huko.

Kwanza, huo uwazi wa mm 0.1 nani aliupima? Sisi tunashusha kamera kisimani, tunahesabu nyufa ukutani. Kisima kimoja nilichokifanyia kazi kilikuwa na nyufa zaidi ya 40 kwenye picha. Tuliposhusha kipima mtiririko, zilizokuwa zinatoa maji zilikuwa 3. Na moja kati ya hizo 3 kwenye picha ilikuwa mstari hafifu kabisa, ambao mchoraji wa modeli angeufuta kwanza.

Pili, ufa si nyuso mbili laini sambamba. Una vilima na mabonde, sehemu zinagusana, sehemu ziko wazi, na maji yanachagua vijia vyake humo ndani. Kwenye majaribio ya mgodi wa Stripa kule Uswidi lilionekana hilo: sehemu kubwa ya eneo la ufa iko kavu au karibu kavu, maji yanatoka kwenye vipande vichache.

Tatu, na hili linaniudhi kila ninapoona ripoti. Watu wanachora mistari kwenye bapa, wanaona haikutani, wanahitimisha kwamba maji hayapiti. Nyufa ni sahani. Sahani mbili zinaweza kuonekana zimeachana kwenye kipande ulichokata, kumbe zinakutana mita tatu nyuma ya karatasi yako. Modeli ya bapa inapunguza muungano wa nyufa karibu kila mara.

#5 NyufaNdogo

Shikamoo mzee wangu. Yote matatu nayakubali, na la tatu naliandika kwenye daftari langu maana nami nimewahi kulifanya.

Kwenye la kwanza na la pili niongeze kidogo. Uwazi unaoupima kwa kipimo cha fundi na uwazi ambao maji yanauhisi ni namba mbili. Ule wa maji ni mdogo zaidi, hasa ufa ukiwa wa kukwaruza na umebanwa sana. Mtu akichukua uwazi wa kwenye picha akauingiza kwenye kipeo cha tatu, kosa la mara 2 linakuwa kosa la mara 8. Kwa hiyo mimi naanza kinyume: nachukua mtiririko uliopimwa kwenye kila ufa unaotoa maji, narudi nyuma kutafuta uwazi wa maji wa ufa huo, halafu ndiyo naupa ugumu wake. Nikipata jaribio lililosukuma maji kwa presha tatu au nne tofauti ndani ya ufa huo huo, nafurahi sana, maana mpindo wa mstari wa mtiririko dhidi ya presha ndio ugumu wa ufa ukiwa umejionyesha wenyewe. Mtiririko ukipanda sawasawa na presha, ufa haufunguki. Ukipanda kwa kasi zaidi ya presha, ufa unafunguka, na unaweza kusoma unafunguka kwa kiasi gani.

Pale ambapo sampuli ya nyufa ni ndogo kuliko nyufa zenyewe, ambayo ndiyo hali ya kawaida, naendesha mitandao mingi ya kubahatisha yenye takwimu zinazofanana na za kisimani, kisha natoa jibu kama upeo wa majibu. Mtandao mmoja mzuri wenye rangi haunitoshi.

#6 Kokotoa

Wakuu mimi nimeandika programu yangu. Nimeunganisha vizuri tu: hatua ya kwanza nakokotoa mwamba nikiwa nimeshikilia presha, napata uwazi mpya. Hatua ya pili nakokotoa maji nikiwa nimeshikilia uwazi, napata presha mpya. Narudia mpaka vitulie. Tatizo havitulii. Presha inaruka juu, mzunguko unaofuata inaruka chini hasi, unaofuata juu zaidi. Mizunguko mitatu tu namba zinakuwa hazina maana. Nimekagua programu wiki mbili, sioni kosa. Kwenye udongo programu hiyo hiyo inafanya kazi safi.

#7 NyufaNdogo

Ndugu yangu, programu yako haina kosa la uandishi. Umekutana na fizikia. Mimi ilinichukua zaidi ya wiki mbili kuliona, kwa hiyo ngoja nikupe kwa namba.

Fikiria ufa wako umejaa maji na hatua ya muda ni fupi, yaani maji hayajapata nafasi ya kukimbia. Maji yenyewe ni magumu kiasi gani? Ugumu wa kubana maji ni GPa 2.2. Lakini yamekaa kwenye uwazi wa mm 0.1 tu. Ukigawa unapata GPa 22,000 kwa mita. Ufa wako una GPa 100 kwa mita. Maji yaliyobanwa humo ndani ni magumu mara 220 kuliko ufa unaoyabana.

Sasa angalia mzunguko wako. Unashikilia presha, unakokotoa mwamba, ufa unafunguka kidogo. Unapeleka uwazi ule kwenye maji na kuyaambia: uwazi ndio huu, haubadiliki. Maji yanaona nafasi imeongezeka, nayo hayapanuki kirahisi, kwa hiyo yanajibu kwa kushuka presha mara 220 ya presha uliyoanza nayo. Unaipeleka presha hiyo hasi kwenye mwamba, ufa unajifunga, maji yanajibu kwa kupanda mara 220 tena. Baada ya mizunguko mitatu kosa lako limezidishwa zaidi ya mara milioni kumi. Kwenye udongo huenda halikutokea kwa sababu maji yako yalikuwa na viputo vya hewa, na hewa inayalainisha sana, uwiano ukawa mdogo.

Dawa ya kwanza ni kukokotoa vyote kwa mkupuo, presha na msogeo wa mwamba kwenye matriksi moja (jedwali moja la milinganyo). Ni nzito lakini ni salama.

Dawa ya pili inaziacha programu zako mbili jinsi zilivyo. Unapokokotoa maji, usishikilie uwazi. Shikilia mkazo. Maana yake, kwenye mlinganyo wa maji uongeze uhifadhi mmoja zaidi: presha ikipanda, ufa nao utafunguka kwa kiasi cha presha ile ikigawanywa kwa ugumu wa ufa. Kiasi hicho unakitoa tena upande wa pili kwa presha ya mzunguko uliopita, ili mwisho wa yote maji yasipungue wala kuzidi. Kim, Tchelepi na Juanes walichambua njia hizi mwaka 2011 na kuonyesha kwamba hii ya kushikilia mkazo inatulia bila masharti, wakati ile unayotumia inatulia tu uwiano wa ugumu ukiwa chini ya 1. Wewe uko 220. Kwa ufa mmoja wenye ugumu usiobadilika, ukiweka uhifadhi sahihi unapata jibu kwa mzunguko mmoja. Jaribu kwanza kwa mkono, elementi moja tu, utaona.

Tahadhari moja. Ufa ukishaachana kabisa, nyuso hazigusani tena, ugumu wa GPa 100 haupo. Kinachouzuia ufa ni mwamba wa pembeni peke yake. Ufa wenye urefu wa mita 20 kwenye mwamba wenye ugumu wa GPa 50 na uwiano wa Poisson (kiasi unavyotanuka pembeni ukibanwa) wa 0.25, presha ya ziada ya MPa 1 inaufungua mm 0.75 katikati. Hiyo ni sawa na ugumu wa GPa 1.3 tu kwa mita. Uhifadhi wako lazima ubadilike pale pale ufa unapoachana, la sivyo ugonjwa ule unarudi.

#8 Kokotoa

Nimejaribu elementi moja. Mzunguko mmoja. Wiki mbili zangu, mkuu! Nitarudi nikishaweka kwenye mtandao wote.

#9 Mwanagenzi_wa_Miamba

Nami nina tatizo linalofanana ila la aina nyingine. Natumia mkupuo, si mizunguko. Mwanzoni mwa hesabu, karibu na ukingo ambapo maji yanatoka, presha inapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Nikadhani hatua ya muda ni kubwa, nikaipunguza mara kumi. Meno yakazidi.

#10 Kokotoa

Hili naliweza, acha nilipe deni la uzi. Kupunguza hatua ya muda ndiko kunakokuumiza. Mwanzoni kabisa presha imeshuka kwenye tabaka jembamba sana ukingoni, jembamba kuliko elementi yako ya kwanza. Elementi haina namna ya kuchora mteremko mkali kiasi hicho ndani yake, inaishia kuyumba. Vermeer na Verruijt walitoa kanuni mwaka 1981: kwa elementi za mstari na ukokotoaji wa kurudi nyuma, hatua ya muda isiwe chini ya mraba wa urefu wa elementi ukigawanywa kwa mara 6 ya mgawo wa usambaaji wa presha (wepesi wa presha kuenea). Elementi ya mita 1, mgawo wa mita za mraba 10 kwa kipeo cha −4 kwa sekunde: hatua isipungue sekunde 1,667, karibu dakika 28. Unataka hatua fupi kuliko hapo? Punguza elementi kwanza, za ukingoni angalau.

Na kagua jambo la pili. Kama umetumia elementi za aina moja kwa msogeo na kwa presha, meno yanaweza kuja hata hatua ikiwa sawa. Msogeo uwe wa kipeo cha pili, presha ya kipeo cha kwanza.

#11 Mwanagenzi_wa_Miamba

Zote ni za kipeo cha kwanza. Ngoja nirekebishe.

#12 MpitaNjia_Mkongwe

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtu wa hesabu. Nimesikia kusukuma maji ardhini kunaleta matetemeko. Modeli hizi zinaweza kulionyesha hilo, au ni maneno ya watu?

#13 NyufaNdogo

Karibu sana, mkuu. Si maneno ya watu. Lina kumbukumbu ndefu, na hesabu yake ni ile ile tuliyokuwa nayo, ila badala ya kufunguka ufa unateleza.

Ufa au mpasuko unashikiliwa na msuguano. Msuguano ni mgawo, tuseme 0.6, mara mkazo unaoubana ukitoa presha ya maji. Tuchukue kina cha kilomita 2: mkazo wa kubana MPa 40, mkazo wa kusukuma pembeni MPa 9, maji ya kawaida ya kina hicho karibu MPa 20. Msuguano unaopatikana ni 0.6 mara 20, yaani MPa 12. Mpasuko umetulia. Pandisha maji hadi MPa 25, msuguano unashuka hadi MPa 9, na mpasuko uko tayari kuondoka. Hukuongeza mzigo wowote juu yake, uliulegeza tu.

Karibu na Denver, jimbo la Colorado, Marekani, mwaka 1962 walianza kusukuma majitaka ya kemikali kwenye kisima cha kina cha mita 3,671. Matetemeko yakaanza muda si mrefu. Wakaacha kusukuma Februari 1966. Lakini matetemeko makubwa kuliko yote yakaja mwaka 1967, zaidi ya mwaka baada ya pampu kuzimwa. Wengi hilo linawashangaza, lakini hesabu inalieleza. Presha inasambaa kama joto kwenye chuma: muda ni mraba wa umbali ukigawanywa kwa mgawo wa usambaaji. Kilomita 5 kwa mgawo wa mita ya mraba 1 kwa sekunde ni siku 290 hivi. Pampu imezimwa, lakini wimbi la presha bado liko njiani kuelekea kwenye mpasuko ulio mbali.

Baada ya hapo wanasayansi walifanya jambo la ujasiri. Kwenye uwanja wa mafuta wa Rangely, huko huko Colorado, kati ya 1969 na 1973, walipandisha na kushusha presha kwa makusudi wakiangalia matetemeko. Walikuwa wamepima msuguano wa mwamba maabara na kujua mkazo wa ardhini, wakakadiria presha ya hatari kuwa karibu MPa 26. Presha ikipita hapo, matetemeko yanaongezeka. Ikishuka, yanapungua.

Ila kujua kanuni hakukuzuia madhara. Basel, Uswisi, Desemba 2006, walikuwa wanafungua nyufa kwenye graniti kwa ajili ya jotoardhi. Tetemeko la ukubwa wa 3.4 lilikuja saa chache baada ya kusimamisha pampu, mengine yaliyozidi 3 yakaja Januari na Februari 2007, na mradi ukafungwa. Pohang, Korea Kusini, kwenye mradi mwingine wa jotoardhi, tetemeko la 15 Novemba 2017 lilikuwa kubwa zaidi, karibu 5.5, na likaumiza watu na kubomoa nyumba.

Kwa wanaoiga: ufa ukiteleza, vilima vya nyuso zake vinapandana, na uwazi unaongezeka kisha unabaki hivyo hata presha ikishuka. Watu wa jotoardhi wanautafuta mtelezo huo kwa makusudi, kwa sababu unawaachia njia ya maji ya kudumu. Kwa hiyo kinachofungua njia na kinachotikisa mji ni kitendo kimoja. Modeli isiyo na mtelezo haitakuonyesha faida wala hatari.

#14 MtuWaVisima

Kwenye jotoardhi msisahau joto lenyewe. Unasukuma maji baridi, mwamba unasinyaa, ufa unafunguka zaidi, maji mengi zaidi yanapita pale pale, panapoa zaidi. Njia moja inapora maji ya nyingine zote na kisima cha pili kinaanza kutoa maji vuguvugu mapema kuliko ilivyopangwa.

#15 NyufaNdogo

Kweli kabisa mzee, na namba zake zinatisha. Graniti ya GPa 50 ikipoa nyuzi 100 huku imezuiliwa pembeni, mkazo unaolegea unafika MPa 50 na zaidi, mara kumi ya zile MPa 5 za mwanzo wa uzi huu. Kwa upande mwingine maji baridi yana mnato mkubwa: mnato wa maji ya nyuzi 20 ni zaidi ya mara 7 ya ule wa maji ya nyuzi 200. Vitu viwili vinavutana, kimoja kinafungua njia, kingine kinapunguza mwendo, na hakuna anayeweza kukwambia kipi kitashinda bila kukokotoa vyote pamoja.

#16 Kokotoa

Nimerudi. Mtandao wa nyufa 60, umetulia kwa mizunguko 5 hadi 8 kila hatua. Nyufa mbili zilipoachana mizunguko ilipanda hadi 30, nikabadilisha uhifadhi kama ulivyosema, ikashuka.

Swali la mwisho. Sasa nitajuaje kwamba jibu ni sahihi? Kutulia si usahihi.

#17 NyufaNdogo

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu.

Mimi sipeleki modeli popote kabla haijapita mambo matatu. Ufa mmoja usiofunguka utoe lita 7 zile za mwanzo. Ufa mmoja wa mita 20 uliojaa presha, kwenye mwamba mpana, utoe mm 0.75 katikati, kwa umbo la duaradufu kama Sneddon alivyoonyesha mwaka 1946. Na tatizo la Mandel la mwaka 1953 ulipite.

Hilo la Mandel halina ufa, lakini linakamata udanganyifu kuliko lolote ninalolijua. Kipande cha mwamba wenye maji kimebanwa kati ya sahani mbili ngumu, juu na chini, na maji yanatoka pembeni tu. Unaweka mzigo, hauongezi kitu tena. Mtu angetarajia presha ya katikati ishuke tangu mwanzo. Haishuki. Inapanda kwanza. Pembeni maji yametoka, pamelegea, hapawezi tena kubeba sehemu yake ya mzigo, kwa hiyo sahani inauhamishia katikati. Modeli inayokokotoa maji peke yake haiwezi kutoa kinundu hicho hata ukiibembeleza. Juu ya hayo, kila hatua hesabu maji: yaliyoingia, ukitoa yaliyotoka, yalingane na yaliyohifadhiwa.

#18 Mwanagenzi_wa_Miamba

Wakuu, nimerekebisha. Msogeo kipeo cha pili, presha kipeo cha kwanza, elementi za ukingoni nimezipunguza hadi sentimita 10, hatua ya kwanza sekunde 20 kwa kanuni ya Kokotoa, ambayo ilinipa kiwango cha chini cha sekunde 17. Meno yameisha.

Kisha nikaendesha Mandel. Mara ya kwanza presha ya katikati ilishuka moja kwa moja, nikafadhaika. Nikatafuta, kumbe sahani ya juu nilikuwa nimeifanya mzigo uliosambazwa sawasawa, kila nukta inashuka kivyake, hakuna cha kuuhamisha mzigo. Nikazifunga nukta zote za juu zishuke pamoja.

Nimeangalia tena sasa hivi. Inapanda, inafika kileleni, ndiyo inaanza kushuka.